Uza Embe, Bakiza Mwembe: Namna ya Kuishi kwa Kuandika na Kuongoza Vichekesho

Mwaka 2016 nilikuwa Magomeni, kwenye kibanda cha chipsi, nasubiri kuku wangu aive. Juu ya friji ya soda palikuwa na televisheni. Ikaja filamu niliyoiandika mimi, neno la kwanza mpaka la mwisho. Ikafika ile sini ya baba mkwe aliyejificha ndani ya pipa ili asidaiwe kodi, mwenye nyumba akaja na kata kuchota maji ya kunawa. Kibanda kizima kikaangua kicheko. Jamaa wa pembeni yangu, alipoona mimi sicheki, akanigusa bega na kunieleza taratibu kwa nini ile sehemu inachekesha. Nikamshukuru, nikalipa, nikabeba mfuko wangu.

Nilikuwa napiga hesabu. Filamu ile niliiuza mwaka 2010 kwa shilingi 350,000, mkupuo. Karatasi niliyosaini iliandikwa kwa kalamu nyuma ya risiti ya steshenari: "Nimepokea pesa yote, sina madai." Kuiandika kulinichukua wiki tisa, yaani shilingi 5,500 na kitu kwa siku, nauli na chai. Miaka sita baadaye bado ilikuwa inaonyeshwa. Wala sikuibiwa. Niliuza mwenyewe, na siku ile nilishangilia.

Kwetu Tanga mwenye mwembe huuza embe. Akibanwa na shida huuza msimu mzima, mnunuzi anakuja na watu wake wa kuangua, lakini msimu ukiisha mti uko palepale uani. Mimi niliuza mti. Kwa hiyo vijana wakinijia na "Shikamoo dada, eti komedi inalipa?" huwa nawaambia inalipa, ila tukae kwanza, maana jibu refu.

Kwanza uwe na embe lenyewe

Mkataba mzuri wa kazi mbovu hauna faida, kwa hiyo tuanzie kwenye ufundi.

Mimi nilijifunzia misibani. Watani wakifika msibani, Wanyamwezi kwa Wazaramo kwa mfano, mtu anaweza kulala chini katikati ya njia, akagoma jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Waliokuwa wanalia wanacheka na machozi yakiwa bado mashavuni. Sasa mwangalie mtani mwenyewe usoni: hacheki hata kidogo. Amekasirika, anadai haki yake. Hapo ndipo nilipopata somo langu la kwanza la uongozaji, kabla sijashika kamera.

Ukikaa kuandika, mtafute mtu anayetaka kitu kidogo kwa nguvu kubwa mno. Mzee anataka siti ya dirishani kwenye daladala ya Mbagala. Mjumbe anataka jina lake litajwe harusini, na MC amelisahau. Ukishampata, mzuie mara tatu, kila mara kwa njia aliyoitengeneza mwenyewe kwa uongo wake wa mwanzo. Vijana wengi wanaoniletea miswada wameandika watu wanaojua kuwa wanachekesha. Wamevaa suruali mpaka kifuani, wamejipaka unga, wanakodoa macho. Dakika mbili za kwanza tunacheka, ya tatu tunatafuta rimoti. King Majuto, mtu wa Tanga yule aliyetutoka Agosti 2018, alikuwa akiingia na kanzu au shati la kawaida kabisa, anakasirika kama baba yeyote unayemjua, na wewe unaanguka. Marudio yake yapo, yaangalie huku umezima sauti.

Beba daftari. Simu pia inafaa, lakini ukitoa simu kijiweni watu wanadhani unawarekodi na wananyamaza. Kwenye kahawa, daftari hudhaniwa la mikopo. Andika namna watu wanavyosema, yale mambo wanayoyasema unaweza kuyabuni mwenyewe baadaye.

Kwenye seti yangu kuna sheria moja: anayecheka kabla ya "kata" analipa 2,000, na hela hiyo inanunua vitumbua vya kesho yake. Mpiga picha wangu ndiye mfadhili mkuu. Sheria nyingine ni za kamera. Kichekesho cha mwili kinataka mwili mzima, kwa hiyo rudi nyuma. Ukimkata mtu miguu kwenye fremu umekata na kichekesho. Piga uso wa anayesikiliza hata kama huna muda, kwa sababu nusu ya vicheko utavipata kwake wakati wa kuhariri. Na kabla ya kufunga kila lokesheni, wanyamazishe wote nusu dakika urekodi ukimya wa mahali pale. Dar hakuna ukimya, kuna jenereta, bodaboda na muuza samaki, lakini ukimya wa kila mahali una sauti yake, na mhariri atakushukuru.

Waigizaji wetu ni mabingwa wa kubuni papo hapo. Waache. Mimi naandika mifupa ya sini na mistari ile ambayo bila hiyo hadithi haisogei, nyama wanaweka wao. Ila jioni ileile nakaa na kuingiza kwenye muswada kila kilichobuniwa, kwa sababu muswada unaofanana na filamu ndio ushahidi wangu kuwa kazi ni yangu. Na kila mwigizaji anasaini karatasi ya ukurasa mmoja kwamba anachoongeza kinaingia kwenye kazi na amelipwa kwa hilo. Mwigizaji akiongeza mpaka mhusika amekuwa wake kuliko wangu, haki inataka apewe jina kwenye uandishi na fungu lake. Kuna mama mmoja, wala hakuwa mwigizaji, alikuwa mpishi wetu. Alimbuni shangazi mtu ambaye watoto wa mtaani walimwigiza mwezi mzima. Anapata asilimia tano ya kila ninachouza kwenye mfululizo ule. Baadhi ya wenzangu waliniona mjinga.

Bei inaanzia nyumbani kwako

Usiulize "wengine wanalipwaje?" Chukua kalamu, andika mwezi wako: kodi, chakula, nauli, umeme, bando, ada, hela ya mama. Tuseme imefika 1,200,000. Gawanya kwa siku 20 za kazi, unapata 60,000 kwa siku. Kipindi cha dakika 25 kinanichukua siku saba: mbili za kufikiri, tatu za kuandika, mbili za kurekebisha baada ya kukisoma kwa sauti mbele ya watu. Saba mara 60,000 ni 420,000. Hiyo ndiyo sakafu, faida bado haijaingia. Mtu akikuambia 150,000, sasa unajua kuwa anakuomba umlipie yeye kodi.

Ukiandika na kuongoza pia, saini karatasi mbili, ya uandishi na ya uongozaji, kila moja na bei yake. Nilijifunza hili kwa machungu. Niliwahi kuondolewa kwenye kiti cha uongozaji siku ya nne ya kazi, na kwa sababu kila kitu kilikuwa kwenye karatasi moja, nilivyoondoka na hadithi ikabaki huko.

Malipo yachukue kwa mafungu matatu: theluthi siku ya kusaini, theluthi ukikabidhi rasimu ya kwanza, iliyobaki kabla rasimu ya mwisho haijatoka mkononi mwako. "Kabla" hiyo usiiachie. Kabla ya fungu la kwanza, mnunuzi anapata muhtasari wa ukurasa mmoja na sini moja iliyoandikwa kamili, basi. Mtu anayesema "nitumie yote niisome, tutaongea" huenda ni mwema, lakini hata mwema ana binamu mwenye kamera.

Karatasi

Hapa nitakaa kidogo, maana utajiri wote wa kazi hii uko hapa.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inakupa haki tangu unapoiandika kazi, na ilizilinda haki hizo maisha yako yote pamoja na miaka 50 baada ya kufa. Miaka 50! Wajukuu wako wanaweza kula pipa la baba mkwe. Haki zenyewe ni za namna mbili. Haki za kimaadili ni zile za kutambuliwa kuwa wewe ndiye uliyeandika, na kazi yako isiharibiwe. Haki za kiuchumi ni za kurudufu, kuonyesha, kutafsiri, kugeuza kuwa kitu kingine, na hizi ndizo zinazouzwa. Ukisaini "nimeuza haki zote" umetoa zote hizo kwa pigo moja.

Kwa hiyo neno la kulitafuta kwenye mkataba ni leseni. Leseni ni kukodisha. Sasa mbane mnunuzi kwa maswali, na kila jibu liandikwe. Anakodi kwa muda gani? Mimi sizidi miaka miwili. Wapi? Tanzania tu, Afrika Mashariki, au dunia nzima? Kwa njia ipi? Televisheni ni kitu kimoja, mtandao ni kingine, kwenye basi la Mwanza ni kingine, na kila kimoja kina bei. Ataonyesha mara ngapi? Anaruhusiwa kuitia sauti za lugha nyingine? Nani ana haki ya kutengeneza sehemu ya pili? Wahusika na majina yao ni ya nani? Muda ukiisha, haki zinarudi zenyewe au mpaka uandike barua?

Swali la majina watu hulidharau. Wale vijana tuliowapenda kama Ze Comedy pale EATV, walipokuwa TBC tuliwajua kwa jina la Orijino Komedi. Akina Joti na Masanja walewale, vituko vilevile, bango jipya. Wao walikuwa wakubwa kiasi kwamba watazamaji waliwafuata. Wewe na mimi tukibadilisha jina, shangazi zetu wenyewe hawatatupata. Kwa hiyo jina la kipindi lipeleke BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, lisajiliwe kama alama ya biashara mapema, ukiwa bado hujulikani, na kampuni yako uisajili hapohapo. Kazi yenyewe isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na kama uko Zanzibar ni COSOZA. Usajili hauumbi haki, haki unayo tayari, lakini siku ya ugomvi cheti chenye tarehe kinaongea kuliko mashahidi watatu wa mtaani kwenu.

Vibali pia usivikimbie. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya tangu 1976, na Bodi ya Filamu inataka kuona muswada kabla hujapiga picha na kuona kazi kabla hujaionyesha. Ukienda mtandaoni kuna kanuni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, za tangu 2018, zimeshabadilishwa tangu hapo, kwa hiyo kaulize ofisini kwao zilizopo leo. Chukua namba ya mlipakodi. Ukikatwa kodi ya zuio, dai cheti chake siku hiyohiyo. Ukikidai baada ya mwaka, mhasibu aliyekukata atakuwa ameshahamia Dodoma.

Wakili ni ghali? Mimi wa kwanza nilimlipa 100,000 asome kurasa nne tu. Alifuta neno moja, "milele", na neno hilo limeshanirudishia hela yake mara nyingi.

Mfululizo, halafu subira

Filamu moja inachekesha mara moja. Mfululizo unajenga desturi, watu wanakula mapema ili wawahi, na mnunuzi anaogopa kuukosa. Mtu ninayempenda kumtolea mfano ni Tyler Perry wa Marekani. Alizaliwa New Orleans mwaka 1969, hakutoka kwa matajiri. Mwaka 1992 alichukua akiba yake ya dola 12,000, akakodi ukumbi Atlanta kuonyesha mchezo wake wa kwanza, wakaja watu kama 30. Miaka iliyofuata kuna nyakati alilala kwenye gari. Aliendelea na mchezo uleule mpaka mwaka 1998 ukumbi ukaanza kujaa. Filamu yake ya kwanza ilitoka 2005, ilitengenezwa kwa dola milioni 5.5 na kuingiza zaidi ya milioni 50.

Lakini angalia kilichofuata. Alipotaka kufanya mfululizo wa vichekesho kwenye televisheni, hakusubiri kituo kimpe hela na masharti. Alitengeneza vipindi 10 vya House of Payne kwa pesa yake mwenyewe, vikaonekana, vikapendwa, na kituo cha TBS kikaagiza 100 kwa mkataba unaotajwa kuwa wa dola milioni 200. Haki alibaki nazo. Mwaka 2019 alifungua studio yake Atlanta, ekari 330 zilizokuwa kambi ya jeshi. Mwaka uliofuata jarida la Forbes likamtaja kuwa bilionea. Wapo wanaosema vichekesho vyake ni vya kupayuka, na mimi mwenyewe vingine vinanichosha. Mwembe wake lakini nauvulia kofia.

Dola zake sina, ila hesabu niliichukua. Mwaka 2017 nilikopa kikoba 1,500,000, dada yangu akaniongezea, nikawa na 2,600,000. Nikapiga vipindi vinne kwenye uwanja wa nyumba ya shangazi Tandika. Mfululizo mzima unafanyika ua mmoja wenye wapangaji sita na choo kimoja, kwa hiyo lokesheni ni bure, mavazi ni ya watu wenyewe, na ugomvi hauishi. Ukiwa huna hela, andika hadithi isiyotoka nje ya geti. Nilipoenda kwa mnunuzi sikwenda na wazo, nilikwenda na vipindi vinne kwenye flashi. Mtu aliyekwisha kucheka ni mgumu kukupunguzia bei, ingawa alijitahidi. Alitaka haki zote. Nikamwambia leseni ya miaka miwili, televisheni tu, Tanzania na Kenya. Akasema atanipigia. Wiki tano sikulala vizuri, kikoba kinanitazama. Akapiga, akaagiza vipindi 13.

Kwa wenye kutaka kuuza kwa zaidi ya mnunuzi mmoja, milango ipo: Sinema Zetu ya Azam, Maisha Magic Bongo ya DStv, mashirika yanayotaka elimu ya afya ipitie kwenye kichekesho, na kampuni zinazotaka matangazo. Matangazo yanalipa kwa siku kuliko chochote nilichowahi kufanya. Yachukue, lakini usimkopeshe mhusika wako mkuu bila kuandika kuwa ni kwa tangazo hilo tu na kwa miezi kadhaa.

Mtandaoni haki zako ulizobakiza ndiyo zinaanza kazi. YouTube inakuingiza kwenye mgawo kamili wa matangazo ukifikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Kwa video ndefu unapata asilimia 55 ya matangazo, kwa fupi 45, na malipo hayatoki mpaka yafike dola 100. Jaza fomu ya kodi ya Marekani mapema, maana sehemu inayotokana na watazamaji wa huko wanaikata, na usipojaza wanaweza kukata zaidi. Mimi nilichukua miezi saba kufika dola 100 za kwanza. Nasema ukweli, mwaka ule wa kwanza kaanga mihogo pembeni.

Sasa hela ikiingia. Kazi hii haina mshahara, ina mvua na kiangazi. Nilipopata malipo ya vile 13 nililipa kikoba, nikatenga miezi sita ya nyumba kwenye akaunti isiyo na kadi, kilichobaki nikanunua kiwanja Chanika. Wenzangu walinunua magari, wakanipa lifti, nashukuru. Kitu cha pili nilichonunua ni diski mbili za kuhifadhia, moja inakaa kwangu, nyingine Kibaha kwa dada. Kabla ya hapo niliibiwa begi kwenye daladala, ndani mna kompyuta yenye vipindi viwili ambavyo havikuwa na nakala popote. Haki zote za vipindi vile ni zangu mpaka leo. Vipindi ndivyo havipo.

Leseni ile ya kwanza iliisha. Sikuandika barua, mkataba ulisema haki zinarudi zenyewe. Siku tatu baadaye simu ikaita, mtu mwingine sasa, kijana, ananisalimia kwa heshima, anauliza kama wanaweza kuongeza muda kwa vipindi vilevile. Vilevile, hakuna sini mpya hata moja. Nikataja mara mbili ya bei ya zamani, akasema ibaki ileile, tukakutana kwenye mara moja na nusu. Mkataba alioniletea una kurasa tisa. Nimeusoma mara tatu, na ukurasa wa saba nimekata neno, nikaweka sahihi yangu pembeni, nikamrudishia naye asaini pale.